Tehanu: Kitabu cha Nne na Deni la Vitatu

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii huwapata watungaji wengi wa hadithi ndefu za sihiri na mashujaa: wakishasifiwa kwa kitabu cha kwanza na cha pili, huongeza cha tano na cha sita, ingawa neno la kusema limekwisha, maadamu wasomaji wapo na fedha zipo. Kwa hiyo msomaji mwenye busara hukishika kitabu cha baadaye kwa mkono mmoja wa shauku na mwingine wa shaka.

Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, alitoa vitabu vitatu vya kwanza vya Earthsea, nchi ya visiwa vingi, katika miaka ya 1968, 1971 na 1972. Shujaa wake ni Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, aliyepanda daraja hata akawa mkuu wa wajuzi wote wa sihiri. Katika kitabu cha tatu alitumia uwezo wake wote kuuziba ufa baina ya nchi ya wafu na nchi ya walio hai, akatoka humo mtupu. Hadithi ilionekana kuwa imekwisha. Ilipita miaka 18, na mwaka 1990 kikatoka cha nne, Tehanu.

Aliyekifungua kwa kutazamia safari za bahari na mashindano ya sihiri alimkuta mjane mkulima na kazi zake za nyumbani. Mjane huyo ni Tenar, ambaye katika kitabu cha pili alikuwa kuhani msichana wa makaburi, akatoka gizani pamoja na Ged. Sasa amekwisha olewa, amezaa, amefiwa na mumewe, na anamlea mtoto Therru, ambaye watu wake mwenyewe walimtesa wakamtupa motoni, hata upande mmoja wa uso wake ukaungua na mkono mmoja ukawa kama ukucha. Ged naye anarudi mgongoni mwa joka, mgonjwa, hana uwezo tena. Na wajumbe wa mfalme wanapomtafuta, anawakimbia kwa haya, akaenda kuchunga mbuzi.

Wako waliolalamika kwamba kitabu hiki kiliviharibu vitatu vilivyokitangulia. Lawama hiyo hupungua nguvu kwa kila avisomaye tena vile vya kwanza. Ni katika kitabu cha kwanza kabisa ambamo watu wa Gont husema kwamba sihiri ya wanawake ni dhaifu na tena ni mbaya. Chuo cha kisiwa cha Roke kilifundisha wanaume tu. Tenar, aliyetolewa makaburini kwa heshima kubwa, hana kazi yoyote katika kitabu cha tatu. Maswali hayo yalikuwamo tangu mwanzo; cha nne kimeyauliza tu. Mabingwa wa Roke, wakitafuta mkuu mpya, wanapewa ishara ya mwanamke aliyeko Gont. Wanadhani kwamba mwanamke huyo atawaonyesha njia ya kumfikia mwanamume fulani. Kwamba huenda mwanamke ndiye atafutwaye, wazo hilo halina pa kukaa vichwani mwao.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni usiku ule wanaume waovu wanapoivamia nyumba ya shambani. Ged, ambaye zamani alilishinda joka kwa kulitaja jina lake, sasa anamlinda mwanamke na mtoto kwa uma wa kuinulia majani makavu, na tendo lile linamwelemea. Mtungaji hakulipamba pambano hilo, wala hakulifanya ushindi. Mtu aliyenyang'anywa uwezo aliozoea kuuhesabu kuwa ndiyo nafsi yake, amebakiwa na nini? Kitabu kinajibu kwa kazi ya mikono, kwa mapenzi yaliyochelewa, na kwa mtoto anayehitaji kulishwa.

Kasoro nayo ipo. Aspen, mjuzi wa sihiri anayemchukia Tenar, ni uovu mtupu usio na historia, na kwa hiyo hamtishi msomaji kama watishavyo majirani wa kawaida wanaougeuzia uso mtoto aliyeungua. Tena mwishoni, Tenar na Ged wanapofikishwa ukingoni mwa jabali, joka linashuka na kuwaangamiza adui kwa dakika chache. Kitabu kilichofundisha kuishi bila nguvu kimeokolewa na nguvu. Walakini aliyeliita joka ni Therru, ambaye hakuna chuo kilichomfundisha lugha ile. Hivyo mwisho huo, ingawa ni wa haraka, haukutoka nje ya hoja.

Mwaka 2001 vilifuata vitabu viwili zaidi, na vyote viwili vimejengwa juu ya maswali ya hiki. Atakaye kuvisoma asikiruke cha nne kwa kuwa wako waliokilalamikia; akisome polepole, kisha akirudie kile cha kwanza, aone ni mambo mangapi aliyapita bila kuyatazama.