Presha ikishuka ICU, ni habari njema?

JUZI ndani ya matatu ya kutoka Kajiado kuelekea Kitengela, mama aliyeketi mbele yangu alikuwa akizungumza na kakake kwa simu: "Presha ya mzee imeshuka, ashukuriwe Mungu. Lakini hao madaktari wa ICU ati wanataka kumwekea dawa ya kushtua moyo. Nimewaambia wangoje kwanza."

Simlaumu. Kwa Wakenya wengi 'presha' ni jina la ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Ikishuka, mgonjwa amepata nafuu. Yamkini daktari alimaanisha kinyume: shinikizo limeporomoka hadi damu haifiki ipasavyo kwenye ubongo na figo.

Kiingereza hutumia neno moja kwa hali hiyo, kwa fadhaa ya ghafla na kwa kurushwa na umeme. Watafsiri wetu wakafuata mkumbo: yote 'mshtuko'. Nasi wa magazeti tumeshatwaa 'mshtuko wa moyo' kwa maana ya mshipa wa moyo kuziba. Basi 'dawa ya kushtua moyo' itasikika vipi, kama si nyaya za umeme kifuani?

Tena si dawa moja. Noradrenalini, ambayo mwongozo wa kimataifa wa 2021 kuhusu sepsisi unaitanguliza, hasa hukaza mishipa iliyolegea; shabaha ya kwanza ni wastani wa shinikizo wa 65. Dobutamini ndiyo huongeza nguvu ya moyo kusukuma damu, nayo ina madhara yake: moyo hudai oksijeni zaidi na mapigo huweza kuvurugika. Mkazi wa Kitengela anayenunua maji ya lori ataelewa upesi. Pampu yaweza kuwa dhaifu, mabomba yaweza kulegea, au tenki ni tupu. Mgonjwa akiwa amevuja damu, huanzi na pampu.

Napendekeza 'kuporomoka kwa mzunguko wa damu', 'dawa za kukaza mishipa' na 'dawa za kuupa moyo nguvu'. Ni ndefu, najua. Wapenzi wa istilahi za neno moja watanuna. Ila ndugu anayetakiwa kutia sahihi usiku wa manane atapata la kuuliza: tatizo ni moyo au mishipa? Na chanzo chenyewe kinatibiwa vipi, maana dawa hizi humshikilia mgonjwa tu kazi hiyo ikiendelea?

Mama alishuka Isinya kabla sijapata ujasiri wa kumsemesha, simu ingali sikioni.