Ncha Inayoongoza Sauti

Kuna vijiti vya dhahabu vyenye urefu wa mikromita 2 hivi. Bila hadubini huvioni. Mwaka 2012, Wei Wang na Thomas Mallouk wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na Angelica Castro na Mauricio Hoyos wa Paris, waliviweka ndani ya maji na kuvipigia ultrasaundi ya takriban megahezi 4. Vikaelea katikati ya maji, kisha vikashika njia, vingine kwa kasi ya mikromita 200 kwa sekunde. Ni mara mia ya urefu wao, na havina injini wala mafuta.

Siri ya mwendo huo huanzia kwenye utengenezaji. Fundi huchukua utando wa alumina uliojaa vitundu vyembamba, akaupaka fedha upande mmoja ili upitishe umeme. Huutia katika mmumunyo wa dhahabu, na umeme huijaza dhahabu ndani ya kila kitundu, kidogo kidogo. Akichelewa kuukata umeme, vijiti hurefuka. Baadaye fedha huyeyushwa kwa asidi ya nitriki na alumina kwa haidroksidi ya sodiamu, vijiti vikabaki huru.

Uzuri wenyewe uko kwenye ncha: moja hutoka imebonyea, nyingine imebinuka.

Kwa kitu kidogo kiasi hicho, maji ni mazito kama asali. Mwanafizikia Edward Purcell alieleza mwaka 1977 kwamba katika hali hiyo, anayekwenda mbele na kurudi kwa mwendo uleule habanduki alipo. Sauti nayo hutikisa mbele na nyuma tu. Lakini ultrasaundi hutikisa upesi mno hata maji hayawahi kuufuata kila mtikiso, na ncha zisipofanana, pembeni mwa kijiti huzuka mkondo mdogo unaoelemea upande mmoja. Watafiti François Nadal na Eric Lauga walionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 2014. Ncha zingelingana kwa umbo na kwa uzito, msukumo wa huku ungeufuta wa kule.

Mwaka huohuo, kundi la Mallouk liliviendesha vijiti vya dhahabu ndani ya seli hai za binadamu. Matumizi ya tiba bado yanatafutwa, ila heshima ya kazi hii haingojei dawa. Anayetaka kuisukuma chembe kwa sauti asikimbilie kuongeza nguvu ya sauti. Aanze kwa kuichonga chembe yenyewe.