Mishono Elfu Nane

Mwanzo wake ni kifundo kisichozidi punje ya hindi. Haboba anatoa nyasi tatu nne kwenye beseni la maji, anazikamua kwa vidole, anazikunja, kisha anazizungushia chane nyekundu mpaka nyasi zenyewe zisionekane tena. Shazia, ile sindano nene, inapenya katikati ya kifundo, inavutwa, inarudi. Mara tatu nimemwona akifika hapo, akakigeuza kifundo kwenye mwanga wa mlango, akakifumua chote. Kasoro yenyewe sikuiona. "Kikianza na pembe," aliniambia, "kitakwisha na pembe." Akaanza upya, nami nikanyamaza, maana nilikwisha jifunza kwamba nusu saa ya kwanza ya tabaga haina mazungumzo.

Tabaga ni kifuniko cha chakula cha Wanubi. Ni duara la nyasi na chane za rangi, wakati mwingine bapa kama sinia, wakati mwingine limeinuka katikati kama kofia. Haboba ni bibi kwa Kinubi, na ploti nzima hapa Kamukunji, Eldoret, humwita hivyo, wakiwamo majirani Wanandi na Waluhya ambao hawajui neno la pili la lugha hiyo. Mimi pia simjui kwa jina jingine. Nilimwendea mara ya kwanza kununua tabaga la harusi ya binamu yangu, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Nilirudi baada ya siku nne, nikisema nilikuwa napita tu. Tangu hapo napita tu karibu kila Jumamosi baada ya alasiri.

Watu wa pwani watasema hilo si geni, kwani wana kawa. Ni kweli kazi ni moja, lakini mkono ni mwingine. Kawa husukwa: chane hupita juu na chini ya mwenzake, na ukikosea unaweza kurudi nyuma na kulegeza. Tabaga hushonwa. Ndani yake mna uti wa nyasi unaozunguka kama konokono, na kila mara chane inapouzungushia uti huo, shazia hutoboa mzunguko uliotangulia na kuufunga na mpya. Hakuna kulegeza. Mshono uliokosewa kwenye mzunguko wa kumi utakuwapo mpaka ufumue yote yaliyo juu yake. Haboba hufumua bila kuguna, na kila anapofanya hivyo mimi ndiye ninayeumia.

Siku moja nilikwenda na rula. Alinicheka, lakini akaniachia nipime tabaga lililokuwa limekwisha. Upana wake sentimita 45. Uti mmoja, pamoja na chane iliyouvika, unene wake nusu sentimita. Nilikaa na kalamu: mizunguko 45, na ukiunyoosha uti wote utapata takriban mita 32, yaani kutoka mlango wa Haboba hadi barabarani na kurudi nusu ya njia. Kila sentimita ina mishono miwili na nusu hivi. Jumla inakaribia mishono elfu nane, na kila mshono ni kutoboa, kuvuta, kukaza kwa kidole gumba.

Hesabu iliyonishangaza zaidi ilikuwa nyingine. Kwa kipimo hicho, kila mzunguko unataka mishono kama minane zaidi ya ule ulioutangulia. Ukiongeza michache, duara linakunjamana kwa ndani na kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unaanza kucheza mawimbi kama sketi. Sasa weka nakshi juu ya hapo: pembetatu nyeusi sita zinazotoka katikati kwenda ukingoni, ambazo zinapaswa kupanuka kila mzunguko kwa kiasi kile kile, zote sita, bila hata mstari mmoja wa penseli. Nilimwuliza huhesabuje. Alifikiri kidogo, kana kwamba nimemwuliza hupumuaje. Akasema hahesabu, akifika kwenye nyeusi mkono unajua. Kisha nikamwona, alipodhani simwangalii, midomo yake ikitikisika. Anahesabu. Anahesabu kwa Kinubi, chini kwa chini, na pengine hajui kwamba anahesabu.

Kofia ile iliyoinuka katikati nayo ina siri ndogo ya kidole gumba. Kwenye tabaga bapa uti mpya hulazwa ubavuni mwa ule wa zamani, na kidole gumba kinausukuma nje. Akitaka liinuke, Haboba huuteremsha uti mpya kidogo chini ya mwenzake na kuuvuta ndani. Tofauti ni ya upana wa ukucha. Baada ya mizunguko 20 umepata mlima.

Chane ni za mwale, na Haboba haziamini za hapa. Huletewa kutoka Bombo, Uganda, mji uliojaa Wanubi kaskazini mwa Kampala. Jamaa hupakia furushi kwenye basi, basi hupita Malaba, na Eldoret iko njiani. Pamoja na furushi huja habari: nani kaolewa, nani kazikwa, mtoto wa nani kapata kazi Dubai. Furushi moja lilikuja na picha ya tabaga lililoshonwa huko, na Haboba akaliangalia muda mrefu kabla ya kusema kwamba mshonaji alikuwa na haraka. Rangi huchemshwa nyuma ya nyumba, kwenye sufuria ambayo watoto wamekatazwa kuigusa. Nyekundu hushika upesi. Zambarau, anasema, ina kiburi.

Huu ni mji wa nyuzi. Ken-Knit iko hapa, na Rivatex, kiwanda ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Sufu za kufumia sweta zinapatikana kila duka kwa rangi ambazo mwale hautazipata kamwe, na wapo washonaji wanaozitumia badala ya chane. Tabaga la sufu ni jepesi kushona, linang'aa, na kwa maoni yangu ni pambo tu. Sufu hunyonya mvuke na kunuka mchuzi. Tabaga la mwale linapumua. Haboba alinionyesha kwa gurusa, chapati laini za Kinubi, akazigawa mafungu mawili: moja chini ya sahani ya plastiki, jingine chini ya tabaga. Baada ya swala ya magharibi zile za plastiki zilikuwa zimetoka jasho na kushikana. Zile nyingine zilikuwa na uvuguvugu na kavu kama zilivyotoka jikoni. Tulizila zote, lakini zile za plastiki nilipewa mimi.

Haboba alizaliwa Eldama Ravine, na jina hilo kwa Wanubi lina uzito. Babu zao walikuwa askari wa Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Mwaka 1891 Mwingereza Kapteni Lugard aliwachukua huko karibu na Ziwa Albert akawaleta Uganda, wao na maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Miaka sita baadaye, Septemba 1897, kikosi chao kilichokuwa Ravine kiligoma. Mishahara ilikuwa midogo na ya kuchelewa, safari haziishi, na sasa walitakiwa kwenda safari nyingine ndefu wakiziacha familia zao nyuma. Wakageuka, wakarudi Uganda, na vita vikazuka. Huwa najiuliza, nikimtazama mama huyu, kama waliogoma kwa ajili ya wake zao walikuwa wakiwaza pia kifuniko cha chakula kilichoning'inia kwenye hema. Ni wazo la mwandishi, najua.

Waliobaki waliingizwa kwenye jeshi la kikoloni, King's African Rifles, lilipoundwa mwaka 1902, na Wanubi walikuwamo katika vikosi vilivyowapiga Wanandi mpaka mwaka 1906. Jambo hilo halisemwi sana, hasa hapa. Haboba hulisema waziwazi, kwa sababu jirani yake wa ukutani ni mama Mnandi ambaye humletea maziwa ya mursik na kuondoka na gurusa. "Babu yangu alimpiga babu yake kwa bunduki ya mtu mwingine," anasema, na yule mama hucheka na kumwambia anyamaze ashone.

Serikali ya kikoloni iliwapa Kibera, msitu wakati huo, zaidi ya ekari 4,000, lakini haikuwapa hati. Hati ilikuja Juni 2017, ya ekari 288. Katikati ya miaka hiyo kijana Mnubi aliyetaka kitambulisho alikaa mbele ya kamati ya wazee kuthibitisha kwamba ni Mkenya, na Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Haboba hana neno jingi juu ya hilo. Aliwahi kunionyesha kitambulisho chake, kilichofungwa ndani ya nailoni mbili, kilichokuwa kwenye kopo moja na mashazia yake.

Yanayonivuta zaidi kuliko hati ni yale yanayozungumzwa wakati shazia inafanya kazi. Kinubi ni lugha iliyozaliwa kambini. Watu wa makabila mengi, waliochukuliwa watumwa au kuandikishwa askari, walijikuta wakiamrishwa kwa Kiarabu. Wakachukua maneno ya Kiarabu, wakayapa mwendo wao wenyewe. Kitenzi hakibadiliki, unakiwekea tu kiambishi mbele. Ana gi rua, ninakwenda. Ana bi rua, nitakwenda. Na maji huitwa moyo, jambo ambalo lilinichanganya sana siku ya kwanza Haboba alipomtuma mjukuu wake alete moyo kwenye kikombe.

Juni 2024 askari polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince, mpwa wangu alikuwa akinitumia ujumbe akiuliza hao Wahaiti wanaongea Kifaransa gani hicho. Kikrioli. Nacho kilizaliwa vivyo hivyo, mashambani mwa miwa: maneno mengi ya bwana, mwendo wa wale waliovushwa bahari kutoka Afrika. Mwen ap manje, ninakula. Ap inafanya kazi ile ile ya gi. Tena Wahaiti wana kitu wanachokiita lakou, ua mmoja unaozungukwa na nyumba za ukoo, ambamo kila mtu hupika akionekana na wenzake. Nilimsimulia Haboba. Alitaka kujua kama wanafunika chakula. Sikuwa na jibu. Kuna mtaa hapa Eldoret unaoitwa West Indies, jina la visiwa ambamo Haiti imo, na kwa dakika kadhaa alidhani nilikuwa nazungumza juu ya watu wa huko.

Kikrioli kimo kwenye katiba ya Haiti tangu mwaka 1987 kama lugha rasmi, sambamba na Kifaransa. Kinubi hakina darasa Eldoret. Mjukuu wa Haboba hujibu kwa Kiswahili, na akikasirika kwa Sheng. Lakini siku za kushona, shangazi wawili wakija na mabeseni yao, wakaketi kwenye mkeka, yule mtoto huletwa kulowesha nyasi. Hapo anaambiwa leta, kamua, si hiyo, ile ndefu, vuta, na yote ni Kinubi, kwa sababu mikono ya wale wanawake haikufundishwa kwa lugha nyingine. Mishono elfu nane ni siku nyingi za kukaa mahali pamoja. Sufu ya dukani humaliza kazi kwa nusu ya muda, na sidhani kama mtoto angesikia hata nusu ya maneno.

Soko si kubwa. Wateja wengi ni wa harusi: bibi arusi huenda na matabaga yake, na ya ziada huning'inizwa ukutani sebuleni, juu ya makochi, mpaka chumba kionekane kama kina majua sita. Wako wanaobishana bei kana kwamba wananunua ungo wa plastiki. Haboba habishani. Hulichukua tabaga, akaligeuza upande wa chini, akawaonyesha. Upande wa chini wa tabaga lake ni safi kama wa juu. Ncha zote za chane zimefichwa ndani ya uti, huoni ilipokwisha moja na kuanza nyingine. Anayeelewa hulipa. Asiyeelewa huambiwa aende na Mungu, na mimi huagizwa nimfungulie mlango.

Kumaliza ni kugumu karibu sawa na kuanza. Uti hauwezi kukatwa tu, utaacha ngazi kwenye ukingo. Mizunguko miwili kabla ya mwisho anaanza kupunguza nyasi, unyasi mmoja mmoja, uti unakonda taratibu, mpaka unapozama kwenye mzunguko wa chini yake huwezi kuweka kidole na kusema ni hapa. Nimejaribu kwa kidole, macho nimefumba. Sikupata.

Ramadhani iliyopita aliniruhusu nishone. Nilianza kifundo mara tano. Cha sita alikiacha kipite, kwa huruma nadhani, na kwa wiki mbili nikafikisha upana wa sahani ya chai, pembetatu zangu nne zikiwa na ukubwa wa aina nne. Nilidhani atalifumua tabaga langu. Alilibonyeza, likarudi, akalibonyeza tena, akasema kitu kwa shangazi ambacho kiliwafanya wote wacheke na ambacho hakuna aliyekubali kunitafsiria. Ukifika jikoni kwake utaliona. Linafunika kopo la chumvi, nalo limeegemea upande mmoja.