Tuzo si kipimo cha ukubwa wa mwelekezi wa filamu

MAJUZI nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza kuhusu uhusiano wa riwaya na filamu. Nikamtaja Ousmane Sembène wa Senegal na kudai kuwa ni mmoja wa waelekezi (au waongozaji, wasemavyo Watanzania) wakubwa kuwahi kutokea duniani. Kijana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono. "Lakini Prof, huyo mzee alishinda Oscar ngapi?"

Nilimjibu kwamba hakushinda hata moja, wala hakuwahi kuteuliwa. Darasa zima likaangua kicheko.

Sikukasirika. Hata hivyo, kicheko kile kilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu kilibeba imani ambayo watu wengi wanayo, wakiwemo wasomi: kwamba tuzo kubwa ni mizani, na asiyepimwa kwenye mizani hiyo hana uzito. Je, ni kweli?

Hebu tuanze na watu wa Hollywood kwenyewe. Alfred Hitchcock aliteuliwa mara tano kuwania Oscar ya mwelekezi bora na mara zote tano akatoka mikono mitupu. Filamu yake Vertigo ya mwaka 1958 haikumpa hata uteuzi huo. Mnamo 2012, wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound la Uingereza waliitaja filamu hiyo hiyo kuwa bora zaidi ya zote. Naye Stanley Kubrick alipata Oscar moja tu maishani, tena ya ufundi wa picha, si ya uelekezi.

Sababu haiko mbali. Wanaoteua waelekezi ni waelekezi wenzao walio katika Akademia, lakini wanaopiga kura ya mwisho ni wanachama wote, zaidi ya 9,000: waigizaji, watunzi wa muziki, mafundi wa sauti, hata wasimamizi wa kampuni. Kampuni nazo hutumia mamilioni ya dola kuwarai. Kubwa zaidi ni hili: ni mwaka 2025 tu ambapo Akademia ilitangaza kwamba mwanachama sharti awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kitengo kabla ya kukipigia kura ya mwisho. Tuzo zenyewe zilianza kutolewa 1929! Mimi nimesahihisha mitihani kwa zaidi ya miongo mitatu. Ningetoa alama kwa karatasi ambayo sijaisoma, ningefukuzwa kazi, na ningestahili.

Kuna pia suala la lugha, ambalo ndilo hasa la ukumbi huu. Mwaka 2019, Nigeria iliwasilisha Lionheart ya Genevieve Nnaji katika kitengo cha filamu za kimataifa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kuwasilisha filamu. Ikaondolewa kwa kuwa mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Nnaji alijitetea kwamba Kiingereza ndicho daraja la Wanigeria wenye lugha mamia, na kwamba hivyo ndivyo wanavyozungumza. Wacha niseme wazi kwamba naona pande zote mbili. Kanuni hiyo, kwa upande mmoja, inawapa nafasi watengenezaji wa filamu za Kiigbo na Kiswahili. Kwa upande mwingine, filamu ilitupwa nje kabla ya yeyote kuuliza kama ni nzuri au mbaya.

Nasi tusijifanye watakatifu. Katika kitengo hicho kila nchi huwasilisha filamu moja, nayo huchaguliwa na kamati ya nyumbani. Mnamo 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku humu nchini, ilhali ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Mahakama Kuu iliondoa marufuku hiyo kwa siku saba ili iweze kutimiza masharti ya Oscar. Hatimaye Kenya ikawasilisha Supa Modo ya Likarion Wainaina, ambayo nayo ni kazi nzuri. Hoja yangu si ipi ingestahili zaidi. Hoja ni kwamba kazi hupita milango mingi kabla ya kumfikia mpiga kura, na baadhi ya milango hiyo tunaifunga wenyewe.

Ni kweli kwamba tuzo zina manufaa yake. Humletea msanii fedha na watazamaji, na mara nyingine hulenga ndipo, kama Parasite ya Bong Joon Ho kutoka Korea Kusini ilipotawazwa 2020. Lakini kumletea mtu watazamaji ni jambo moja, kumpima ni jambo jingine.

Turudi kwa Sembène. Alikwisha kuwa mwandishi mwenye jina, akiandika kwa Kifaransa, alipotambua kwamba watu wake hawangeweza kumsoma. Akaenda Moscow kusomea filamu akikaribia miaka 40. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, kwa Kiwolof. Ni kisa cha mzee Ibrahima Dieng anayetumiwa hawala ya fedha na mpwa wake aliye Paris, akashindwa kuichukua kwa kuwa hana kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti nacho kinataka mjuane.

Wiki iliyofuata niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu hiyo. Walicheka mwanzoni. Mzee alipozungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, ukumbi ukanyamaza. Yule kijana wa Oscar akasema kwa sauti ya chini, "Prof, huyu ni babangu kabisa, vile alihangaishwa kwa chifu."

Nikawaomba waandike uhakiki wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Hapo ndipo shida ilipojitokeza. Walijua walichokiona na walichokihisi, ila msamiati wa kueleza kamera imefanya nini, au ukimya ule umejengwaje, hawakuwa nao. Hatukuwafundisha. Tumewafundisha kuhakiki tamthilia na ushairi tangu sekondari, filamu tukawaachia wanaotoa tuzo Los Angeles.

Ndiposa siwalaumu kwa kicheko chao. Asiye na maneno yake ya kupimia hutumia mizani ya jirani. Wahadhiri wenzangu, muhula ujao tuanze na filamu moja tu, na tuihakiki kwa Kiswahili kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho.