Je, Steringi Hakosei?

 

Ndugu msomaji, hapa kwetu Sumbawanga ukifika mwezi wa Juni upepo wa nyanda za juu za Ufipa hauna huruma. Watu hufunga milango mapema, na baada ya sala ya Isha wengi hukaa mbele ya televisheni. Asubuhi ukipita kwa kinyozi au sokoni, mazungumzo ni yale yale: fulani kafanya nini katika tamthilia ya jana, na nani alikuwa na haki. Nimesikiliza sana mabishano hayo, na leo napenda nikushirikishe katika mojawapo, kwani naona limebeba jambo kubwa kuliko mchezo wenyewe.

Tamthilia iliyobishaniwa zaidi kwa miaka mingi ni ile ya Kimarekani iitwayo "24". Ilianza kuonyeshwa Novemba 2001 na kumaliza sehemu yake ya nane Mei 2010, kisha ikarudi kwa vipindi 12 mwaka 2014. Kila sehemu ni siku moja, na kila kipindi ni saa moja ya siku hiyo, saa ikihesabu mbele ya macho yako. Mchezaji wake mkuu ni Kiefer Sutherland, kwa jina la mchezo Jack Bauer, mpelelezi anayewasaka wahalifu na magaidi. Kwetu ilifika kwa diski, nyingine zikiwa na sauti ya mfasiri anayesimulia kwa Kiswahili, zikazunguka katika vibanda vya video hata watoto wakalijua jina la Bauer kabla ya kulijua jina la Mkuu wa Mkoa wao.

Sikutaka kuihukumu kwa kusikia. Niliketi na wajukuu nikatazama sehemu nyingi, nikiinamisha macho palipostahili. Nami nasema kwa uadilifu kwamba waliotengeneza mchezo huu wanaijua kazi yao. Sutherland alipata tuzo ya Emmy mwaka 2006, na si ajabu. Uso wake unaonyesha uchovu wa kweli, na sauti yake ya chini ina uzito kuliko makelele ya wenzake. Tena mtu huyu hapati raha yoyote kwa ushindi wake. Mwisho wa sehemu ya kwanza mkewe anauawa, na tangu hapo anapoteza kimoja baada ya kingine. Mtu anayejitolea kwa ajili ya watu wake hupendwa kokote duniani.

Ama maoni ya watazamaji, niliyoyasikia ni ya namna tatu.

Wa kwanza wanasema: huu ni mchezo wa kuwatukana Waislamu, basi tusiutazame. Hawa wana hoja. Sehemu ya nne, iliyoanza Januari 2005, ilionyesha familia ya Kiislamu inayoishi kwa utulivu mjini huku ikipanga mauaji. Waislamu wa Marekani walilalamika, na kituo cha Fox kikatoa tangazo ambamo Sutherland mwenyewe aliwakumbusha watazamaji kwamba Waislamu wa nchi hiyo wanaupinga ugaidi pamoja na raia wenzao. Tangazo ni fupi, mchezo ni wa saa nyingi. Kipi kitabaki kichwani?

Wa pili wanasema: shehe, huu ni mchezo tu, usiku ukipita umepita.

Wa tatu, nao ndio wengi, wanasema: Bauer anatesa watu, ndiyo, lakini asingetesa mji mzima ungeangamia. Na wanaongeza neno la vibandani, kwamba steringi hakosei.

Usidhani maoni haya ni ya vijana wa Sumbawanga peke yao. Mwezi wa Juni 2007, katika mkutano wa wanasheria mjini Ottawa, Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyefariki mwaka 2016, alimtetea Jack Bauer, akauliza kama kuna baraza la wazee wa mahakama lingeweza kumtia hatiani mtu aliyeuokoa mji wa Los Angeles. Jaji mzima anatoa ushahidi wa tamthilia! Na kabla ya hapo, Novemba 2006, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan wa chuo cha kijeshi cha West Point aliwaendea watengenezaji wa "24" kuwaomba wapunguze mateso, kwani alikuwa akifundisha sheria za vita na wanafunzi wake wanamrudisha kwenye mchezo. Basi wale wanaosema ni mchezo tu wajibiwe na jenerali huyo, si na mimi.

Sasa tuitazame hoja yenyewe. Kwa nini Bauer hakosei? Hakosei kwa sababu mwandishi amekwisha kumwambia nani mwovu. Wewe mtazamaji nawe umeonyeshwa. Umemwona adui akipanga, umeliona bomu lilipofichwa. Kwa hiyo mkono wa Bauer unaposhuka, moyo wako hauna shaka. Lakini, ndugu msomaji, katika maisha ya kweli ni nani aliyekuonyesha? Elimu hiyo ya kuona kila upande ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mtunzi wa mchezo anatukopesha kwa saa moja, na tukitoka nje tunasahau kuirudisha.

La kusikitisha ni kwamba tamthilia hii yenyewe ina somo jema ambalo watazamaji hawalitaji. Katika sehemu ya pili, iliyoonyeshwa kuanzia Oktoba 2002 hadi Mei 2003, anashukiwa kijana aitwaye Reza mwenye asili ya Mashariki ya Kati, kumbe mhalifu ni mchumba wake Marie, binti wa Kimarekani wa nyumba ya heshima, ambaye hatimaye anamuua. Tena unaletwa mkanda wa sauti unaodai kuwa nchi tatu za Mashariki ya Kati zimehusika na bomu. Rais Palmer anakataa kupiga vita mpaka mkanda uhakikishwe. Mawaziri wanamwondoa madarakani kwa kukataa kwake, kisha inabainika mkanda ni wa kughushi. Hayo yalionyeshwa katika miezi ile ile Marekani ilipoingia Iraq, Machi 2003, kwa madai ya silaha ambazo hazikuonekana. Hilo ndilo fundisho la Suratul Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Lakini nenda kwa kinyozi uulize nani anamkumbuka Reza. Watamkumbuka Bauer na ngumi zake.

Uislamu haukumwachia hata aliye bora ruhusa ya kutokosea. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Khalifa, alisikia kelele za maasi ndani ya nyumba usiku, akapanda ukuta akamkuta mwenye nyumba kosani. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza siri, ameingia pasipo mlango, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar akakubali, akamwacha. Tena imepokewa kwake kwamba mtu aliyetishwa, aliyeshindishwa njaa au aliyefungwa hawezi kuaminiwa katika anayoyakiri juu ya nafsi yake. Huyo ndiye steringi wetu, naye anakubali kuambiwa umekosa.

Kwa nini nayasisitiza haya hapa Ufipa? Jina la mji wetu, kama wazee wanavyoeleza, maana yake ni kutupa uchawi. Katika miaka ya 1930, na tena miaka ya 1960, walipita nchini humu watu wa Kamchape, wakidai kuwajua wachawi kwa kuwatazama. Katika siku zetu wamekuja lambalamba na wapiga ramli chonganishi, na bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 60 amejikuta akidaiwa kueleza kifo asichokijua. Anayenyoosha kidole hana shahidi, ana yakini ya uso tu. Kijana aliyezoea kushangilia yakini isiyo na ushahidi kila usiku, atapata wapi ulimi wa kuuliza mchana?

Nami sijitoi. Mwaka mmoja fedha za kununulia mikeka na misahafu zilipotea katika madrasa yetu. Akashukiwa mtoto mmoja, kwa kuwa ndiye aliyebaki kufagia na kwao ni maskini. Vijana wawili wakubwa wakanijia wakasema, "Shehe, tuachie nusu saa tu, atasema." Mmoja akacheka akasema Jack Bauer asingehitaji hata hiyo nusu saa. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, sikusema hapana papo hapo. Nilinyamaza, nikiwaza zile fedha. Mara mama yake akafika, kanga imelowa mvua, akaniuliza neno moja tu: "Shehe, nani kamwona?"

Sikuwa na jibu. Tukamwachilia mtoto. Fedha hazikupatikana, na mpaka leo hatujui nani alizichukua. Lakini mtoto yule hakurudi tena darasani. Sasa ni kijana mkubwa, tukikutana njia ya Majengo huniamkia kwa adabu, wala hasimami. Kunyamaza kwangu kwa dakika ile kulitosha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sikwambii uvunje televisheni yako. Nakuomba ukae na wanao wanapotazama. Steringi anapomkamata mtu kwa shati, na chumba kizima kinashangilia, wewe uliza kwa sauti lile swali la mama yule. Watakuambia unawaharibia utamu. Wavumilie, uliza tena kesho.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na dhana mbaya, na azilinde ndimi na mikono yetu. Wallahu aalam.