Safu za kompyuta zinavyovuruga shairi

Juma lililopita, nikiwa Lwakhakha, mwalimu mmoja alinionyesha diwani yake iliyochapwa saiba. Mashairi matamu, lakini kurasa! Mchapaji aliagiza safu mbili, ukwapi kushoto, utao kulia. Kumbe safu hizo za kompyuta ni za kigazeti: maneno huteremka hadi chini ya safu ya kwanza, ndipo yapande juu ya ile ya pili. Mwalimu alipoongeza mshororo mmoja tu, kila kitu kikasogea. Kipande cha mizani 8 kikatazamana na kisichokuwa mwenzake. Vina vya kati vikakosa maana.

Wengine hukimbilia kitufe cha nafasi. Hayo nayo ni balaa, maana ukibadilisha fonti utao unayumba kama mlevi. Tumia jedwali la safuwima mbili, kila mshororo na safumlalo yake, kisha ufiche mistari ya jedwali. Wanakili wa tenzi kwa hati za Kiarabu walivipanga vipande sambamba kwa kalamu tu, jamani.

Mwalimu alikuwa ametoa nakala 20 tayari. Nilimsihi asiwagawie wanafunzi kwanza.