Sufu Chini

Boneti ile iliharibika kabla mashine ya polishi haijaigusa. Iliharibika pale kijana alipomaliza mlango wa kushoto, akazima mashine, akaigeuza na kuilaza juu ya ukuta wa mawe, sufu chini. Mliokuwa pale mtaa wa Himbi, Goma, Jumamosi mliona, na wengine wenu mlipiga makofi gari lilipotoka. Mimi sikupiga.

Twende polepole. Pedi ni ya sufu halisi ya kondoo, nyuzi ndefu, imeshajaa kompaundi ya milango miwili na vumbi la vanishi iliyokatwa. Hatua tano kutoka kwake kuna kompresa ambayo ingeipuliza pedi hiyo, imetoka kujaza matairi sasa hivi. Ndani ya mfuko wake kuna pedi ya pili, safi, niliiona kwa macho yangu. Kijana anainua mashine, anaipiga pedi mara mbili kwenye paja la jinzi, ananijibu kabla sijauliza: "Iko bien, papa." Kisha huyo, boneti ya Land Cruiser nyeusi, na kasi juu.

Ukuta wa Goma ni lava, iwe ya mlipuko wa volkano wa 2002 au ya zamani zaidi, na mawe hayo hayaachi kumwaga mchanga mweusi. Katika mchanga huo kuna chembe za olivini, ambazo ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 6.5 hadi 7, zaidi ya kioo cha dirisha. Vanishi ya kiwandani ni mikroni 40 hadi 50 hivi, haifiki unene wa unywele. Sponji ikiokota chembe, mara nyingi inabaki juu na unaiona. Sufu inaimeza mpaka shinani, na kompaundi ikianza kukauka inaigandisha hukohuko. Paja la jinzi litaitoa vipi? Kwa mizunguko 1,800 kwa dakika, chembe moja inarudi palepale mara 30 kila sekunde. Ndiyo maana tulichokiona juani hakikuwa hologramu, ule ukungu wa mizunguko ya pedi ambao ungeufuta kwa polishi laini. Ilikuwa mikwaruzo ya upinde, yenye mwanzo na mwisho, ukucha unakwama.

Mengine ya kijana siyalaumu. Kuosha kwa ndoo mbili, tepu kwenye kingo, milango yote: kazi safi.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa mtaa wa Birere, kabla lava ya Januari 2002 haijapita katikati ya mji. Mashine moja ya Makita, pedi tatu, kila moja na kompaundi yake, na ole wako uzichanganye. Kila alipomaliza kipande, aliigeuza mashine sufu ikatazama juu, akaiwasha kwa kasi ya chini kabisa, akapitisha bisibisi butu (yeye alisema turnevisi) kutoka katikati kwenda ukingoni. Wingu jeupe linaruka, nyuzi zinasimama. Sekunde 20, basi. Siku hizi kuna kigurudumu chenye meno cha kazi hiyohiyo, na vijana wanacho, kinaning'inia ukutani kama pambo. Na akipumzika, mashine ililala chali. Sikuwahi kuona sufu yake ikigusa kitu kingine zaidi ya rangi.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, nirudi kwenye kuosha pedi kwa sabuni ya unga. Najua mmechoka kunisikia. Sufu ni nywele, na nywele haipendi magadi. Maji ya Ziwa Kivu tayari yana pH ya karibu 9, na ya bomba la REGIDESO yanatoka ziwani humohumo. Ukiongeza sabuni ya unga, maji ya moto na brashi, magamba ya unyuzi yanafunguka, yanashikana, na pedi inakuwa kama kipande cha blanketi kuukuu. Halafu mtu anasema pedi za siku hizi ni feki! Shampuu ya kichwa, maji ya mvua ya vuguvugu, kukamua kwa kiganja bila kusokota, siki kidogo katika maji ya mwisho. Ikishatoka majini, izungushwe kwenye mashine ndani ya ndoo tupu ili maji yaruke, ichanwe ingali mbichi, ining'inizwe kivulini. Ikikauka inaingia kwenye mfuko uliofungwa, maana vumbi la mji huu halibishi hodi.

Kwa mwenye gari: hiyo boneti asiirudishe kwenye sufu. Sponji laini na polishi nyepesi vitaondoa mikwaruzo ya juu, na vanishi ipimwe kwanza. Ule upinde ulio karibu na taa ya kushoto auache ulivyo. Kuufukuza mpaka chini ni kumaliza vanishi yenyewe, na hapo ni pistoli ya rangi tu, kupaka upya.